Mkate wa Alviine na Neno la Kuazima

Kotkapalo ni kijiji kidogo kusini mwa Estonia, na ndani yake palikuwa na vitu viwili ambavyo mtu mwenye akili timamu hakuvigusa: mbwa wa Villu akiwa anakula, na pipa la mkate la Bibi Alviine. Mbwa angekung'ata, yakaisha. Alviine angekusema, na akishaanza kukusema, hata watu wa mjini Võru wangejua ulivyolelewa.

Pipa lenyewe lilikuwa la mti wa mwaloni, kimo cha goti, limebanwa kwa pete za chuma. Ndani yake, pembeni pote, palikuwa na ukoko wa kijivu uliogandamana tangu enzi za bibi yake mzaa mama. Mgeni angeuona angedhani ni uchafu. Kumbe ule ukoko ndio chachu. Ukitaka kuoka unamwaga humo maji ya uvuguvugu, unatia unga wa rai, ile nafaka nyeusi ya huku kwenye baridi, unafunika kwa kitambaa, na usiku kucha pipa linanung'unika peke yake kama mzee aliyenyimwa kahawa. Asubuhi donge limechacha. Ukishatoa mikate unakwangua kidogo, unanyunyiza chumvi, unalirudisha pipa ghalani. Kuliosha, haliosheki. Anayeliosha ameua.

Alviine alizaliwa katika nyumba ile ile aliyozeekea. Alikamua ng'ombe wa shamba la ushirika miaka yote ya utawala wa Moscow, akaolewa na Kaljo, fundi wa matrekta, mtu mpole ambaye maneno aliyoyasema kwa mwaka mzima mkewe aliyamaliza kabla ya kifungua kinywa. Akamzika Kaljo. Binti yao alipokwenda Ufini kutafuta kazi, Alviine akabaki na mjukuu, Kerttu, akamlea kwa viazi, maziwa na makaripio mpaka msichana akawa mtu wa kupendeza kabisa, jambo lililowashangaza wengi. Na katika yote hayo, misiba na furaha, serikali ikija na serikali ikienda, Ijumaa ilikuwa siku ya mkate.

Kila mtu ana jambo moja la kujivunia. Wengine nyumba, wengine watoto. Alviine alijivunia kwamba hajawahi kuazima. Si sukari, si kiberiti, si ngazi ya kupandia darini. Na zaidi ya yote chachu. "Chachu yetu haijaingia kwa mlango huu wala haijatoka," alikuwa akisema, akipiga kizingiti kwa kisigino. Haijatoka kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba ukimpa mtu chachu umempa na baraka ya mkate wako, na baraka ikishavuka kizingiti hairudi. Basi hakumpa mtu. Mtu akiomba alipewa kipande cha mkate, tena kinene, na mlango ukafungwa.

Mmoja wa waliofungiwa mlango huo alikuwa Nasta.

Nasta alitoka Setomaa, mashariki kidogo tu. Lakini kule wanasali kwa namna yao, wanaimba kwa namna yao, na wanavaa mapambo ya fedha kifuani siku za sikukuu mpaka bibi harusi anasikika kabla hajaonekana, kwa hiyo kwa mawazo ya Kotkapalo alikuwa ametoka mwisho wa dunia. Aliolewa na Eedi, jirani wa Alviine, miaka ile yeye na Alviine wakiwa bado wasichana. Juma la kwanza la ndoa alikuja na bakuli mlangoni kwa Alviine kuomba chachu, maana ya mama mkwe wake ilikuwa imeoza. Akarudi na kipande cha mkate. Kesho yake alipanda baiskeli mpaka kwao Setomaa, akarudi jioni mvua ikimnyeshea, bakuli limefungwa kifuani ndani ya koti kama mtoto mchanga. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili waliishi wakitenganishwa na uzio wa fito na safu ya vichaka vya zabibu nyeusi, wakisalimiana kila siku, wasisameheane hata siku moja.

Sasa, lililoyachemsha mambo ni hotuba ya maktaba.

Majira ya kuchipua, mkutubi alimwalika mtaalamu wa lugha kutoka Tartu, dada mmoja mwembamba aitwaye Piret, aje kuwaeleza wanakijiji historia ya neno moja. Neno lenyewe ni leib, yaani mkate. Ukumbi ulijaa. Watu wa Kotkapalo hawana kiu kubwa ya historia ya maneno, ila mkutubi alitangaza kwamba kutakuwa na kahawa, na mkate wenye samaki wa chumvi juu yake.

Piret aliandika ubaoni leipä, na mbele yake akachora nyota.

"Nyota ya nini hiyo?" akauliza Villu, yule mwenye mbwa. "Imepata tuzo?"

"Nyota ina maana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuliandika," akasema Piret. "Ni neno la mababu zetu wa zamani sana, kabla sisi na Wafini na wengine hatujagawanyika. Wao hawakuandika. Sisi tumelijenga upya kwa kuwalinganisha watoto wake."

"Watoto wa neno?"

"Ndiyo, baba. Wafini wanasema leipä, Wakareli vivyo hivyo. Sisi tunasema leib, Wavepsi leib, Walivi lēba. Ukiwapanga watoto pamoja ukawatazama vizuri, unaweza kumjua mzazi hata kama hukumwona."

"Aa, nimeelewa," akasema Villu. "Kama watoto wa yule mama karani wa posta. Sisi nasi tulimjua baba kwa masikio."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama daktari wa mifugo mstaafu, aliyekaa nyuma karibu na jiko na masikio yake mawili. Piret, ambaye hakuwa na habari, akasema huo ni mfano mzuri kabisa wa kitaalamu. Ilibidi mkutubi agonge kikombe kwa kijiko muda mrefu ndipo wakanyamaza.

Hapo Piret akaendelea, maskini, bila kujua anapoelekea. Akasema kwamba hata hivyo asili ya neno hilo si kwetu. Mababu waliliazima kwa makabila ya Kijerumani ya kale, miaka elfu mbili iliyopita na ushei, wakati hao wakisema kitu kama hlaibaz. Warusi nao, na khleb yao, walibisha hodi kwenye mlango huo huo.

Alviine alikuwa mstari wa mbele. Kipande cha mkate kikamdondoka mkononi, samaki upande wake, mkate upande wake. Mkate ukianguka chini huku kwetu unauokota na kuubusu, hata kama umekasirika kiasi gani, basi Alviine akainama, akauokota, akaubusu, akasimama na chembe mdomoni.

"Na kabla ya hapo tulikula nini? Mawe?"

"Uji, bibi. Na huenda vitumbua vya shayiri visivyochacha."

"Huenda!" akasema Alviine.

Na kutoka nyuma kikasikika kicheko. Kilikuwa cha Nasta, kicheko cha Kiseto, kirefu, chenye ngazi za kupanda na kushuka. "Jamani, leo nimeburudika! Kumbe hata jikoni kwa Alviine kuna kitu cha kuazima!"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Alviine akageuka polepole. "Sikilizeni nyote," akasema. "Walioazima ni hao mababu wa kwenye ubao. Mimi nyumbani kwangu sijaazima kitu kwa mtu, unga wala neno, na nikiazima siku moja mje mnivue kitambaa cha kichwa hadharani." Akaketi. Akamaliza kipande chake chote, akimtazama Piret bila kupepesa, mpaka binti wa watu akakosea jina la kijiji.

Yangeishia hapo, kama Kerttu asingeposwa.

Kerttu alikwenda kusoma Bremen, huko Ujerumani, akarudi na cheti na mchumba. Mchumba aliitwa Henning. Mrefu, mweupe, mwenye adabu, tena mwenye hamu ya kusaidia kila kitu kinachosaidika. Alipasua kuni zikaisha, akapasua na mbao zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya benchi. Alirekebisha mlango wa sauna uliokuwa ukilia tangu enzi za Kaljo, na Alviine hakupata usingizi siku mbili kwa sababu alizoea kuusikia. Kwa ujumla alimpenda. "Ni mtoto mzuri," alimwambia Kerttu. "Hajui kukaa tu, lakini atajifunza."

Harusi ilipangwa kufanyika Jumamosi, katikati ya kiangazi, uani kwa bibi. Na huku kwetu maharusi wakirudi kutoka kanisani wanapokelewa kizingitini kwa mkate na chumvi. Kila mmoja anakata kipande, anachovya, anakula. Ule ndio mkate wa maisha yao. Kerttu alikuwa amesema jambo moja tu tangu mwanzo: keki iwe yoyote, muziki uwe wowote, ila mkate uwe wa bibi.

"Nilipokuwa Bremen nikiumwa na upweke, bibi, sikuota nyumba hii," alimwambia. "Niliota mkate." Alviine alijifanya kutafuta kitu kabatini.

Alhamisi asubuhi alilitoa pipa ghalani, akaliweka kwenye ukumbi wa nje apate kulianza jioni. Kisha akapanda basi kwenda Võru kununua nyama ya nguruwe. Kerttu alikuwa kwa fundi wa nguo. Henning akabaki nyumbani peke yake, na hakuna kuni.

Aliporudi, Alviine alimkuta mkwe wake amesimama uani, amelowa mpaka kiunoni, uso unang'aa kwa furaha. Pembeni yake bomba la maji, brashi ya waya na sanduku la magadi. Na juani, juu ya benchi, pipa la mwaloni, jeupe kama siku lilipotoka kwa seremala.

"Safi!" akasema Henning. Kiestonia alichokijua kilikuwa maneno machache, na hilo alilitamka vizuri sana.

Ukelele aliopiga Alviine ulisikika mpaka kituo cha basi. Villu alidhani mbwa wake amemuua mtu. Henning, alipoeleweshwa kwa ishara, kisha kwa simu ya Kerttu, kisha kwa ishara zaidi, aliketi kwenye majani akajishika kichwa. Alviine akaingiza sindano ya kufumia kwenye kila ufa wa pipa kutafuta japo punje ya uhai. Hakuna. Kijana alikuwa amefanya kazi yake kwa moyo wote.

"Mwanangu," alimwambia mwishowe, kwa Kiestonia chake, akijua hasikii, "laiti ungekuwa mvivu kidogo tu."

Basi fikiria alivyokuwa amebanwa. Chachu mpya ya unga na maji inataka juma zima ikomae, na harusi keshokutwa. Wazo la kununua mkate dukani na kuutoa kwenye plastiki lilimjia, akalifukuza kwa aibu, likarudi, akalifukuza tena. Kotkapalo nzima, waliobaki wakioka nyumbani kwa pipa la zamani walikuwa wawili tu. Mmoja ndiye huyu. Wa pili anakaa ng'ambo ya vichaka vya zabibu nyeusi. Na donge lilitakiwa kuanza kuchacha jioni hiyo hiyo, la sivyo Kerttu angepokelewa mlangoni na kitu cha kiwandani.

Alviine alichukua bakuli. Akaliweka. Akavaa kitambaa kizuri cha kichwa, akakivua, akavaa cha kila siku asije akaonekana ameogopa. Akachukua bakuli tena, akatoka.

Njiani, hatua chache zile, alimkumbuka Piret na ubao wake. Akamwona mwanamke wa kale, bibi wa mabibi, anakwenda na bakuli kwa wageni wenye lugha ngumu, anapewa kitu chenye harufu ya uchachu, anauliza kinaitwaje, anajibiwa, anarudi nyumbani analirudia jina midomoni lisimpotee. Kwa mara ya kwanza Alviine alimhurumia. Labda naye alianza kwa kuzungumzia hali ya hewa.

"Joto leo," akasema alipofika kwenye kijilango cha uzio.

Nasta alikuwa anapalilia vitunguu. Hakuinua kichwa. "Joto."

"Viazi vyako vimechanua mapema."

"Vimechanua kama kila mwaka."

"Mvua ingekuja kidogo."

"Alviine," akasema Nasta, akijinyoosha na kushika kiuno, "kelele zako nimezisikia nikiwa chooni. Kerttu amepita hapa analia, yule kijana wake amepita hapa analia. Pipa limeoshwa. Hilo bakuli umelileta kukusanyia mvua?"

"Nimekuja..." Alviine akalihamisha bakuli mkono wa pili. "Nimekuja kuomba."

"Sikusikia. Jogoo huyu anawika."

"Huyo jogoo hajawika, amelala. Nimekuja kuazima chachu."

"Sema tena, masikio yangu ya kizee."

"Nasta!"

"Basi, nimesikia," akasema Nasta. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alviine alingoja kicheko kile chenye ngazi, akakaza mabega. Hakikuja.

"Nilisimama mlangoni kwako," akasema Nasta. "Na bakuli. Nilikuwa na siku tano tangu niolewe, sijui mtu, mama mkwe ananiita yule wa kule. Nikasema moyoni, huyu msichana ni rika langu, huyu atanipa. Ukanipa kipande cha mkate, Alviine. Kama unavyompa mwombaji."

"Mama alikuwa hai wakati ule. Alikataza."

"Mama yako alikuwa kitandani amelala, nilimsikia akikoroma. Mlangoni ulikuwa wewe."

Alviine alitazama vitunguu. Vilikuwa vimepaliliwa vizuri, mstari umenyooka. Angeweza kusema mengi, na kwa kawaida angeyasema. Lakini ilikuwa kweli, na alikuwa ameijua kuwa kweli kila Ijumaa ya maisha yake, akikanda unga na dirisha likitazama uzio ule.

"Nilikuwa mimi," akasema. "Niliona haya baadaye. Kisha ikawa mbali sana kurudi."

Nasta akainuka. Akaingia ghalani kwake, akakaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kukwangua pipa. Alipotoka bakuli lilikuwa na donge la kijivu ukubwa wa ngumi, limefunikwa kwa jani la kabichi, na macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la unga.

"Na usinishukuru," akasema. "Chachu ikishukuriwa inakufa, hata ninyi mnajua hilo."

"Sikuwa na nia ya kushukuru."

"Nilijua. Ndiyo maana nimekuwahi."

Donge lile lilichacha. Usiku pipa lilinung'unika, sauti nyingine kidogo kuliko ile aliyoizoea, ya haraka haraka, na Alviine akalala akilisikiliza kwa wivu. Ijumaa akawasha jiko la mawe, akapika mikate ya duara minane, akachora msalaba juu ya kila mmoja kabla ya kuusukuma ndani. Henning alikatazwa kukaribia. Alikaa kwenye benchi mikono imewekwa mapajani, na hatimaye akajifunza kukaa tu.

Jumamosi jua lilitoka. Kerttu alirudi kutoka kanisani na shada kichwani, akakata kipande kizingitini, akachovya chumvi, akatafuna. Akasimama kidogo. "Bibi," akasema, "umeufanyaje?" Lakini wapiga kodiani walikuwa tayari wameanza, na jibu halikuhitajika.

Balaa lilikuja mezani. Villu aliuonja, akarudisha glasi ya bia mezani, akaonja tena. Wifi yake Alviine kutoka Antsla, mwanamke ambaye hajapata kusifu kitu tangu azaliwe, aliomba kipande cha pili. Neno likaanza kuzunguka meza kama sahani: mwaka huu Alviine amejipita. Mkate mlaini ndani, uchachu wake unakuja mwisho, taratibu, na harufu hiyo! Miaka yote alikuwa ametuficha!

Alviine naye akakata kipande. Alikuwa hajauonja, kwa shughuli. Akatafuna. Akatafuna tena, polepole, akitafuta kasoro kama mtu anayetafuta miwani. Haikuwapo. Ulikuwa mtamu kuliko mkate wowote aliowahi kuuoka maishani mwake. Mama yake, bibi yake, ukoko wa kijivu, kizingiti kilichopigwa kisigino, na wakati wote ule kitu bora kuliko chake kilikuwa ng'ambo ya vichaka vya zabibu nyeusi. Iliuma, tusidanganyane. Iliuma mpaka mkate ukakwama kooni akaushushia bia.

Nasta alikuwa amekaa mkabala naye, amevaa fedha zote za Kiseto kifuani, anatafuna bila kusema neno. Sifa zilikuwa zinampita juu ya kichwa kwenda kwa mwingine. Hakumwambia mtu. Hakumkonyeza hata Villu. Na Alviine aliona jambo moja wazi: kama yeye angenyamaza, Nasta naye angenyamaza mpaka kaburini, na hakuna mtu angejua kamwe.

Alviine akasimama. Akagonga glasi kwa kisu. Watu wakadhani ni hotuba ya bibi wa bibi harusi, wakatayarisha leso.

"Chachu si yangu," akasema. "Yangu imekufa. Hii ni ya Nasta. Nilikwenda nikaazima."

Kodiani ikakatika katikati ya sauti.

"Ulikwenda ukafanya nini?" akauliza Villu.

"Nikaazima, Villu! Hayo masikio ni ya pambo?" Na hapo daktari wa mifugo, kwa mazoea, akashika yake. Alviine akavua kitambaa chake cha kichwa, cha hariri, cha harusi, akakiweka mezani karibu na bakuli la matango. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimelala upande kwa joto. Hakuna aliyecheka.

Kisha akamgeukia Nasta. Kushukuru hakuruhusiwi, na kwa kweli hata kungeruhusiwa asingejua pa kuanzia. Akasema lililokuwa gumu zaidi.

"Ni mtamu kuliko wangu," akasema. "Kwa mbali."

Nasta akawa mwekundu kuanzia kwenye fedha za kifuani mpaka kwenye paji la uso. Akachukua kipande kingine kwenye sahani. Akakigeuza, akakichunguza chini, akakigonga kwa ukucha.

"Umeuunguza ukoko," akasema.

"Jiko ni langu," akasema Alviine, akaketi. "Kuunguza sikuazima kwa mtu."

Nasta akamsogezea siagi.